Zachariah wa Cheptiret, Plau ya Diski Tatu

Kitabu cha simu cha posta kililetwa kwa Wacera, opereta wetu wa simu, kila mwaka, na kila mwaka alikiweka juu ya kile cha mwaka uliopita, kisha akavikalia. Alikuwa mfupi na kiti cha swichibodi kilikuwa cha mtu mrefu. Alisema hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kitabu hicho kingeweza kufanya hapa Eldoret. Ukitafuta Kipyego humo unakuta safu nzima ya akina Kipyego, na mteja ambaye trekta lake limekufa katikati ya shamba hana subira ya kungoja uwapigie wote mmoja mmoja.

Kwa hiyo alikuwa na daftari lake mwenyewe, la jalada jeusi la kitambaa, lililoandikwa kwa penseli ili mtu akihama afutike bila kuchafua ukurasa. Hakulipanga kwa alfabeti. Alilipanga kwa barabara, kwa sababu nyaya za simu zilifuata barabara: Turbo kurasa za mbele, Iten katikati, Nakuru mwisho. Ndani yake ungesoma "Kipyego Turbo, anayecheka", na chini yake "Kipyego Turbo, asiyecheka". Ungesoma "Mama Jepchirchir, ongea polepole" na "Joseph wa nyasi, mpigie asubuhi tu". Hakuna mtu mwingine aliyeweza kulitumia lile daftari, na sidhani kama alitaka tuweze.

Mimi naitwa Mary Chepngetich. Nilikuwa taipisti wa Sergoit Machinery, duka la matrekta na mbegu, na meza yangu ilikuwa chumba kimoja na swichibodi ya Wacera. Miaka tisa nilimsikiliza akisema, "Subiri nikuunganishe." Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba dogo upande wa Turbo yeye akiwa msichana. Posta ikamfundisha uopereta, akaolewa, akafiwa mapema, akabaki mtaa wa Kimumu na mtoto mmoja tu, Gerishon. Kijana alikuwa na akili nyingi kuliko busara, kama walivyo wengi wanaofika chuo kikuu. Nasema hivyo kwa sababu nilimpenda. Nilimtaipia barua yake ya kwanza ya kuomba nafasi.

Mwaka wa themanini na sita wenzake wawili wa chuo walikamatwa kwa ajili ya karatasi fulani zilizokutwa kwenye chumba chao. Gerishon hakungoja kuwa wa tatu, akatoroka. Wiki hiyohiyo wanaume wawili waliovaa vizuri walifika Kimumu, wakapindua godoro la Wacera, wakamwaga unga wake sakafuni, wakamuuliza mwanawe yuko wapi. Aliwaambia hajui, na ilikuwa kweli. Alikaa miezi miwili bila kujua.

Kisha Alhamisi moja, saa saba na dakika kumi, ofisi nzima ikiwa imeenda lunch, simu iliingia na sauti ikaomba kuongea na Zachariah wa Cheptiret, aliyeagiza plau ya diski tatu. Zachariah huyo hakuwepo. Lilikuwa jina la mchezo, mteja wa uongo ambaye Gerishon alikuwa akijifanya alipokuwa mdogo, akimngojea mama yake amalize kazi. Wacera alishika ukingo wa meza. Akajibu, "Plau imefika," na wakaongea kwa muda ambao chai humiminwa.

Kuanzia siku hiyo ikawa kila Alhamisi. Nilijua kwa sababu chumba ni kimoja na mimi si kiziwi, na Wacera alipoona nimejua, alinipa kazi. Nilisimama mlangoni nikichezea funguo, nikikohoa mtu akija. Walikuwa na sheria yao. Mama akisema plau imefika, ni salama. Akisema haijafika, kata. Na ikipokea sauti isiyo ya mama yake, kata na usipige tena, kamwe, kwa sababu maana yake ni kwamba wamefika kwenye swichibodi. Sheria hiyo ya mwisho ni Wacera aliyeitunga. Alimfanya kijana aiapie.

Kwenye daftari, ukurasa wa barabara ya Nakuru, aliandika "Zachariah Cheptiret, plau ya diski tatu", bila namba yoyote. Kila Alhamisi simu ilipoingia aliweka alama ndogo ya penseli pembeni. Nilimwambia ni ujinga kuandika kitu kama hicho. Akasema mteja asiyeandikwa ndiye anayeshukiwa.

Lazima niwaeleze hali ilivyokuwa, maana siku hizi vijana hutuona kama tulikuwa waoga tu. Tulikuwa waoga kwa utaratibu. Ulijua nani wa kusalimiwa kwa sauti na nani wa kupitwa. Pale kwetu wa kuogopwa alikuwa Bwana Macharia, ofisa wa wafanyakazi, ambaye kazi yake ya kweli ilikuwa kukagua kadi za chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, na kujua nani alicheka nini. Alikuwa anapita chumba chetu akisema, "Mama Gerishon, kijana ameandika?" kwa upole kama mtu anayeuliza habari ya mahindi. Wacera alijibu kwamba hajaandika. Na mimi nilitaipa kwa nguvu zaidi.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba swichibodi ya nyaya itaondolewa na mashine mpya itafungwa. Fundi alitoka Nairobi Jumatatu. Jina lake Johnstone, mtu wa Kakamega, kimya, amevaa koti la ngozi kwenye baridi ya kwetu. Alifunga sanduku la chuma ukutani lenye taa nyekundu, akakaa mbele yake na kibodi kidogo mapajani, akaanza kuuliza maswali.

Maswali hayo ndiyo yaliyotumaliza. Mashine ile ilitaka kujua kila kitu. Ilitaka jina la kila mtu na ekstensheni yake, yaani namba yake ya ndani. Ilitaka kuambiwa simu ya stoo isipopokewa iende wapi, na ya mauzo ikiwa inatumika iende wapi, na nani aruhusiwe kupiga trunk call, simu za mbali, na nani azuiwe. Na kila simu iliyotoka ingechapishwa kwenye karatasi, saa, namba na dakika, kwa ajili ya ofisi. Ofisi ya nani, Wacera aliuliza. Johnstone akasema ya Bwana Macharia.

Siku ya pili aliomba daftari. Alisema anataka kuingiza wateja wakubwa kwenye kumbukumbu ya mashine, ili opereta abonyeze namba mbili tu badala ya kuzungusha zote. Wacera angekataa, lakini meneja alikuwa amesimama pale. Fundi akalipekua barabara baada ya barabara, akitabasamu kidogo kwa Kipyego asiyecheka. Alipofika ukurasa wa Nakuru akatulia.

"Mama, huyu Zachariah hana namba," akasema.

Wacera alimwambia ni mteja ambaye hupiga mwenyewe. Johnstone aliangalia zile alama za penseli pembeni, nadhani alizihesabu, akafungua ukurasa mwingine.

Jioni hiyo mimi nilifanya jambo ambalo nimelijutia maisha yangu yote, na nalisema wazi kwa sababu hakuna anayelijua. Nilipokuwa natoka nilimwona Johnstone akiingia ofisi ya Macharia, mlango ukafungwa. Asubuhi nikamwambia Wacera. Ningeweza kuliacha hapo. Lakini mimi ni mtu wa kushuku, nilizaliwa hivyo na miaka ile ikaninoa. Nikaongeza kwamba koti lile si la fundi wa simu, kwamba fundi gani huuliza maswali kuliko anavyokaza skrubu, kwamba labda hakutumwa na kampuni ya simu hata kidogo. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na mdomo tu.

Wacera alinyoosha sweta lake, akakalia vitabu vyake vya posta, akaweka vipokea sauti masikioni. Kuanzia hapo alimwangalia Johnstone kila hatua.

Na ukimwangalia mtu hivyo, kila anachofanya kinakuwa kibaya. Akinyamaza anasikiliza. Akisalimia anachimba. Jumatano mchana alikuja na karatasi ya mwisho ya maswali. Mashine, alisema, ingeongozwa na saa. Kutoka saa saba kasorobo mpaka saa nane ingeweza kupeleka simu zote za nje mahali pengine, ili opereta apumzike.

"Kwa lunch, simu zikikuja ziende wapi?" akauliza. Wacera alipochelewa kujibu, akaongeza polepole, "Mimi naona ziachwe tu hapa kwako. Naona wewe hutoki lunch."

Yeye hutoka lunch, Wacera akasema, kama watu wote.

"Hata Alhamisi, Mama?"

"Hata Alhamisi. Peleka kwa geti."

Johnstone alishika kalamu bila kuandika. Akamwomba afikirie tena, kwa kuwa askari wa geti angechanganya ujumbe wa watu. Wacera akarudia, kwa geti. Fundi akaandika.

Alipoondoka Wacera alinieleza hesabu yake kwa kunong'ona, na niliiona nzuri sana. Huyu mtu amejua Alhamisi. Anataka simu ibaki hapa ili waisikilize. Basi isikae hapa. Mashine itawashwa Ijumaa, wote tumeambiwa hivyo. Kesho, Alhamisi, bado ni nyaya zetu za zamani. Gerishon akipiga atamwambia abadilishe saa, apige saa kumi jioni, wakati laini zimejaa wakulima na hakuna anayeweza kufuata mmoja. Na siku nyingine wakitega saa ya lunch, watamsikia Mzee Kipyego, askari wetu wa getini, akizungumza na watu wa mbolea. Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Alhamisi saa saba kasorobo ofisi ikamwagika. Nilisimama mlangoni na funguo zangu. Wacera alikaa mbele ya ile swichibodi ya zamani, waya mkononi, akingojea kifuniko kidogo cha shaba kidondoke, maana ndivyo ilivyokuwa, simu ikiingia kifuniko chake kinaanguka na kulia tik. Hakikuanguka hata kimoja. Saa saba kamili. Saa saba na dakika tano. Dukani kwetu laini hazijawahi kunyamaza dakika ishirini msimu wa kupalilia.

Wacera akachomeka waya kwenye laini ya kwanza, akasikiliza. Akachomeka ya pili. Ukutani taa za lile sanduku zilikuwa zimegeuka kijani.

"Amewasha," akasema.

Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akikimbia hivyo. Alivuka uwanja kati ya matrekta, vipokea sauti bado viko shingoni na waya wake unaburura, nami nyuma yake na funguo. Geti liko mbali, nyuma ya karakana. Tulipofika, Mzee Kipyego alikuwa anarudisha simu chini kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama chombo cha wageni.

Mzee huyu alikuwa mtu mwema kuliko wote pale. Na alikuwa mtu wa Cheptiret, kitu ambacho tulikijua miaka yote na hakuna hata mmoja wetu aliyekikumbuka Jumatano. Alifurahi kutuona. Alitueleza kwamba kuna kijana amepiga akitaka Zachariah wa Cheptiret, na yeye amejaribu sana kumsaidia, maana Cheptiret anaijua nyumba kwa nyumba.

"Nikamuuliza Zachariah gani. Wa karibu na dip ya ng'ombe, ama ule wa kanisa? Akanyamaza. Nikamuuliza, wewe ni kijana wa nani, unatoka upande gani? Akakata." Mzee akatikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi hawajui heshima."

Kwetu huko, mzee asipomuuliza kijana ni wa nani amemdharau. Ndiyo salamu yenyewe. Mzee Kipyego alikuwa amemkaribisha kwa adabu zote anazozijua.

Wacera alimshukuru. Nasema kweli, alimshukuru, akamwambia amefanya vizuri. Kisha akakaa juu ya jiwe la kuzuia geti, akavua vile vipokea sauti, akakunja waya wake taratibu mpaka ukaisha. Hakulia. Nilitamani alie ili nipate cha kufanya. Nilisimama pale nikijua ni maneno yangu yaliyopeleka ile simu getini.

Johnstone alirudi saa nane na chapati kwenye gazeti. Alisema aliwasha siku moja mapema kwa kujaribu, wakati ambapo watu hawapo, ndivyo wafanyavyo mafundi. Alipoona uso wa Wacera aliacha kutafuna. Akatoa kwenye mkoba orodha aliyokuwa ameiingiza, kurasa nne zilizotaipwa, akampa. Nakala ya pili ilikuwa ya Macharia. Wacera akapitisha kidole barabara ya Nakuru kutoka juu mpaka chini. Kila mteja wa daftari lake alikuwepo isipokuwa mmoja.

"Huyo sikumweka," Johnstone akasema, akiangalia sanduku lake. "Mtu hana namba, machine itamfanyia nini? Na simu za kuingia hazichapishwi, Mama. Ni za kutoka tu. Ndiyo maana nilisema lunch iachwe kwako."

Wacera aliomba irudishwe. Ilimchukua fundi dakika mbili, vidole vinne kwenye kibodi: saa ya lunch simu zije kwa opereta, na zikilia mara sita bila jibu, ndipo ziende getini. Siku iliyofuata akapanda basi la Nairobi. Kama alikuwa mtu mwema aliyeelewa mengi na kunyamaza, ama fundi tu asiyependa mstari usio na namba, mimi sijui. Alikuwa ofisini kwa Macharia kutafuta nini? Baadaye niliambiwa ni ufunguo wa chumba cha nyaya. Nimeshuku hata hilo.

Gerishon hakupiga tena. Alikuwa ameapa, na mama yake alimlea kushika neno. Wacera aliendelea kukaa pale kila Alhamisi mchana, na mimi mlangoni, miaka minne. Kwenye daftari aliacha kuweka alama na akaanza kuweka nukta, moja kwa kila Alhamisi iliyopita kimya, mpaka ukurasa wa barabara ya Nakuru ukajaa na akahamia wa nyuma. Katika miaka hiyo nilifungua mdomo mara nyingi kumwambia kwamba mimi sikuwa najua chochote juu ya Johnstone, nilibuni tu. Sikusema. Nadhani alijua.

Alistaafu katikati ya mwaka wa tisini na moja. Nilikuwa nimejifunza mashine, kwa hiyo nikapewa kiti chake, pamoja na vitabu vyote vya posta ingawa mimi ni mrefu. Alinipa daftari. Hakuniomba kitu, lakini sikuwahi kutoka lunch Alhamisi hata moja, na nukta niliziendeleza kwa mkono wangu.

Kabla ya Krismasi ya mwaka huo, redio ilikuwa imetangaza kwamba vyama vingine vitaruhusiwa, na watu walikuwa wakisema kwa sauti mambo waliyoyasema chini ya blanketi. Mimi sikuamini. Alhamisi, saa saba na dakika kumi, taa ya laini ya kwanza ikawaka. Nikataja jina la kampuni. Upande wa pili kukawa kimya, na nilijua ni kimya cha mtu, si cha laini. Kisha sauti nzito kuliko niliyoikumbuka ikasema, "Nataka Zachariah wa Cheptiret. Wa plau ya diski tatu."

Nikaanza kufikiri haraka, na yote yalikuwa mabaya. Miaka minne. Maneno yale yangeweza kuwa yametolewa kwa mtu kwa kipigo. Huyu angeweza kuwa yeyote, na mimi nina jina na mshahara na watoto. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, lile lile la Mzee Kipyego: wewe ni nani, kijana wa nani? Nilifunga mdomo nikalimeza. Sijawahi kumeza kitu kigumu hivyo.

"Plau imefika," nikasema. "Zachariah alistaafu. Ako nyumbani Kimumu, nyumba ileile. Amekungoja kila Alhamisi."

Nilisikia pumzi. Halafu nikasikia neno moja la Kikuyu, maitu, ambalo hata mimi Mnandi nalijua ni mama, kisha akakata. Halikuwa langu, lakini nilikuwa nalo masikioni peke yangu na ilibidi nilifikishe.

Niliacha kiti na laini nyingine mbili zikiwaka, nikatoka, nikapita matrekta na karakana nikielekea Kimumu kwa miguu kwa sababu sikuweza kusimama kungoja gari. Nilipopita geti simu zilikuwa zimeshamaliza milio yao sita na kuhamia kwa Mzee Kipyego. Alikuwa ameshika mkono wa simu kwa mikono miwili, anamuuliza mtu wa mbolea ni kijana wa nani.